Bomba limefika, kipimo kiko wapi?

*Katika vijiji na miji midogo inayouzunguka Mlima Meru, maji ya bomba yanaweza kuwa maangavu na yasiyo na harufu, na bado yakaharibu meno na mifupa ya mtoto. Njia za kuyasafisha zimejulikana kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni namba ya maabara kumfikia mwenye ndoo.*

Asubuhi kwenye vilula vingi vya miteremko ya mashariki ya Mlima Meru, mkoani Arusha, hakuna dalili yoyote ya hatari. Koki inafunguliwa, ndoo ya lita 20 inajaa, na maji yanaonekana hadi chini. Hayana rangi wala harufu, na ladha yake haimshtui aliyeyazoea. Kwenye foleni hiyohiyo wapo watoto wanaosubiri kujaza madumu kabla ya kwenda shule, na wakicheka ndipo jambo lenyewe linapoonekana. Mmoja ana meno ya mbele yenye michirizi myeupe isiyong'aa. Mwingine ana madoa ya kahawia yaliyokolea. Wa tatu meno yake yamemomonyoka kingo na kuchimbika vishimo vidogo ambavyo mswaki hauwezi kuvifuta. Si kwamba hawasafishi meno. Madoa hayo hayakuja juu ya jino. Yaliingia ndani yake lilipokuwa bado linajengeka ndani ya ufizi, na yaliletwa na madini ya floraidi yaliyomo kwenye maji waliyokunywa tangu walipoanza kula uji.

Kwa miaka kadhaa sasa, kauli inayotawala sekta ya maji nchini ni ya kumtua mama ndoo kichwani. Ni kauli nzuri, na kila bomba linaloingia kijijini linaondoa saa nyingi za kutembea na kusubiri. Lakini inapima jambo moja tu, nalo ni umbali kati ya nyumba na maji. Kilichomo ndani ya ndoo ni suala jingine, na katika jumuiya ndogo suala hilo hubaki kwenye faili. Hoja ya makala hii ni kwamba bomba ambalo kipimo cha maji yake hakijulikani na anayeyachota ni huduma nusu, na kwamba kukiweka kipimo hicho hadharani ndiyo hatua ya kwanza ya kuyafanya maji kuwa salama. Wengi huitazama kama pambo la kuongezwa mwishoni.

Mlima unavyoyatia maji floraidi

Meru ni volkano, na miamba yake ya alkali ina floraidi nyingi. Zamani za kale upande wake wa mashariki ulibomoka, na tope la volkano likasambaza mawe na majivu katika nyanda za chini. Maji ya mvua yanapopenya katika tabaka hizo huiyeyusha floraidi na kuibeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima virefu. Mahali pengine kalsiamu iliyomo ardhini ingeikamata floraidi na kuigandisha isiendelee na safari. Maji ya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki imeyeyuka. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yamewahi kupimwa na kukutwa na mamia ya miligramu kwa lita. Hakuna anayekunywa maji ya maziwa hayo, lakini hata mito na vyanzo vinavyotumiwa na watu, kama vile katika maeneo ya Maji ya Chai na Ngare Nanyuki, vimewahi kuonesha zaidi ya miligramu 10.

Tatizo hili haliwi sawa kila mahali, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Chemchemi mbili zisizoachana mbali zinaweza kutofautiana kabisa, kwa sababu moja inapita kwenye mwamba mkongwe na nyingine kwenye majivu. Kisima kirefu kinaweza kuwa kibaya kuliko kijito kilicho karibu nacho. Jicho halioni tofauti hiyo, pua haiinusi, na ulimi wa aliyezaliwa hapo hauipimi. Wala kuchemsha hakusaidii. Maji yakichemka sehemu yake hupaa kama mvuke na floraidi hubaki sufuriani, hivyo kila lita iliyosalia huwa nayo zaidi kuliko mwanzo. Ushauri wa afya uliozoeleka kuliko wote nchini, "chemsha maji ya kunywa", unaua vijidudu lakini hauigusi floraidi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa. Kiasi kidogo chini ya hapo huyalinda meno yasioze, na ndiyo maana dawa nyingi za meno zina floraidi. Zaidi ya hapo meno yanayojengeka huanza kupata dosari. Mtu akinywa kwa miaka mingi maji yenye miligramu 3 hadi 6, madini hujilimbikiza kwenye mifupa na viungo. Yakizidi 10, kwa muda mrefu, mifupa inaweza kupinda, viungo vikakakamaa na mtu akalemaa. Kwa meno, hatari kubwa ni tangu kuzaliwa hadi karibu miaka minane, wakati enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, inapojengeka. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama mwenyewe anapokunywa maji mabaya. Mzigo wa mtoto huanza siku anapopikiwa uji.

> Maji yakichemka, floraidi hubaki sufuriani.

8, kisha 4, kisha 1.5

Tanzania haikuanza na kikomo cha 1.5. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini. Baadaye kikomo kikashuka hadi 4, na mwaka 2018 Shirika la Viwango Tanzania likakifikisha kwenye 1.5, sawa na cha dunia. Ni rahisi leo kuwalaumu waliokubali 8. Walikuwa na hoja. Kama wangeshikilia 1.5 wakati ule, vyanzo vingi vya kaskazini na vya ukanda wa kati vingefungwa, na watu wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu na kuhara, maradhi yanayoua mtoto kwa siku chache. Kati ya jino lenye doa na mtoto aliyekufa, walichagua kwa busara.

Kosa lilikuja baadaye, pale kikomo cha dharura kilipozoeleka na kuanza kusomwa kama cheti cha usalama. Maji yenye miligramu 7 yalikuwa "yamekidhi kiwango", na anayekidhi kiwango hana cha kumweleza mteja. Kwa njia hiyo kizazi kizima kilikulia kwenye maji halali yaliyokuwa yakikidhuru. Funzo lake linatuhusu hata sasa ambapo kikomo kimeshuka. Ruhusa ya kusambaza maji ni jambo moja, na taarifa ya kilichomo ni jingine. Serikali inaweza kulazimika kuruhusu chanzo kibovu kitumike kwa muda kwa kuwa hakuna kingine. Hailazimiki kumficha anayekinywa.

Mji uliofunga bomba lake

Jumuiya ndogo kukutana na floraidi kwenye bomba jipya si kisa cha Meru peke yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho nchini Marekani, wakazi walijenga bomba la pamoja kutoka kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu iliyokuwa maili tano nje ya mji. Baada ya hapo wazazi wakaona watoto wao wanaota meno ya kahawia. Daktari wa meno Frederick McKay, aliyekuwa akifuatilia madoa hayo tangu alipoyaona Colorado Springs mwaka 1901, alialikwa kuyachunguza maji. Hakupata kitu alichoweza kukitaja. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba hilo wachukue maji mahali pengine. Mwaka 1925 wakaliacha. Miaka michache baadaye, watoto wadogo wa Oakley waliota meno ya kudumu yasiyo na madoa.

Jina la sumu lilijulikana mwaka 1931, na lilitoka kwenye mji mwingine mdogo. Bauxite, Arkansas, ulikuwa mji wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA, na mwaka 1909 ulikuwa umeacha visima vifupi na kuhamia visima virefu. Watoto waliokulia hapo baadaye walikuwa na meno yenye madoa, ilhali wa mji jirani wa Benton hawakuwa nayo. Mkemia wa kampuni hiyo, H. V. Churchill, alipoyapima maji kwa kifaa cha kisasa cha wakati ule alikuta miligramu 13.7 za floraidi kwa lita. Mambo mawili yanafaa kukumbukwa huku kwetu. La kwanza ni kwamba madhara yaliletwa na maendeleo yenyewe: bomba na kisima kirefu, vitu ambavyo mji wowote ungevifurahia. La pili ni kwamba watu wa Oakley waliweza kuchukua hatua miaka sita kabla ya sayansi kumaliza kazi yake, kwa sababu walilinganisha meno na bomba waziwazi, wakakaa, wakaamua. Sisi tuna jina la madini, kikomo na vifaa vya kupimia. Hatuna kikao.

Nani anashika karatasi ya maabara

Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai mwaka huo. Uendeshaji wa kila siku upo mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi wanaviita CBWSO au kwa jina la zamani la jumuiya za watumia maji. Wizara ya Maji ina maabara zake za ubora wa maji mikoani. Kwa mpangilio huo, sampuli inaweza kuchukuliwa kijijini, ikapimwa mjini, matokeo yakaandikwa vizuri na kurudi ofisini, bila mchotaji kuyaona hata siku moja. Kila mmoja ametimiza wajibu wake wa karatasi. Mama anaendelea kupika uji.

Namna hatari inavyokua pale matokeo yanapopita kwenye mkono mmoja ilionekana Walkerton, mji mdogo wa watu wasiofika 5,000 katika jimbo la Ontario, Kanada. Mei 2000, mvua kubwa ilisomba vijidudu vya samadi kutoka shamba la jirani hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Waendeshaji wa mtambo hawakuwa wakipima klorini inavyotakiwa, na walijaza daftari kwa namba za kubuni. Tarehe 17 Mei maabara iliwaarifu kuwa maji yana bakteria wa kinyesi. Maafisa wa afya walipouliza, waliambiwa maji ni salama. Amri ya kuchemsha maji ilitolewa tarehe 21, na idara ya afya ndiyo iliyoitoa kwa shaka yake yenyewe. Watu saba walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Dennis O'Connor ulionesha, pamoja na mengine, kwamba maabara ilikuwa imepeleka matokeo kwa mwendeshaji peke yake. Mwaka huohuo Ontario ikazilazimisha maabara kuwaarifu pia maafisa wa afya.

Walkerton si masikini na uchafu wake haukuwa floraidi. Ndiyo sababu kisa hicho kina uzito. Kinaonesha kwamba fedha na mitambo havitoshi pale matokeo yanapoweza kukaliwa na mtu mmoja. Nchini Marekani, tangu marekebisho ya sheria ya maji ya kunywa ya mwaka 1996, kila msambazaji wa maji kwa jamii, hata mdogo, anatakiwa kutoa taarifa ya kila mwaka inayowaeleza wateja maji yao yanatoka wapi, yamekutwa na nini na kikomo ni kipi. Taarifa hizo hazijazuia kila balaa. Zimempa mteja kitu cha kushika mkononi anapouliza swali.

> Mto au kisima kikishapimwa, matokeo ni mali ya anayekunywa.

"Mtawatisha watu"

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuweka namba hadharani hutolewa kwa nia njema. Ukibandika kwenye kilula kwamba maji yana miligramu 6 za floraidi, husemwa, watu watakimbilia mtoni na watoto watakufa kwa kuhara. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili jibu kamili. Jibu ni kwamba tangazo lisiishie kwenye namba. Liseme maji haya yanafaa kuoga, kufua, kuosha vyombo na kunyweshea bustani; kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto walio chini ya miaka minane, tumieni chanzo fulani au chujio fulani, msiende mtoni. Floraidi hudhuru kwa miaka, vijidudu hudhuru kwa siku, na mtu mzima anaielewa tofauti hiyo akielezwa. Kinachowapeleka watu mtoni bila mpango ni uvumi, na uvumi hustawi pale ofisi inapokaa kimya huku meno yakionekana na kila mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Pingamizi la pili linasema 1.5 ni kikomo cha nchi tajiri, na kwamba kukifuata vijijini ni ndoto. Kwanza, hoja hii inageuza mambo. Katika nchi ya joto ambako watu wanafanya kazi juani, mtu hunywa maji mengi kuliko wa nchi ya baridi, hivyo kila miligramu kwenye lita inaingia mwilini mara nyingi zaidi. Kama kikomo kingerekebishwa kwa hali ya hewa, kingeshuka. Pili, anayetaka kufikia 1.5 si lazima afike kwa mruko mmoja. Madhara hupungua kadiri kiasi kinavyopungua. Kijiji kilichotoka 9 hadi 4 kimewapunguzia watoto wake mengi, na namba iliyo wazi ndiyo itakayoonesha kama kweli kimetoka 9.

Pingamizi la tatu ni la wataalamu wenyewe: maji siyo chanzo pekee. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili mahindi na maharage yaive upesi yana floraidi, na majani ya chai pia. Ni kweli, na tafiti za Arumeru, wilaya ya mkoa huuhuu wa Arusha, zimeyahusisha magadi na madhara makubwa kwa watoto. Lakini hilo linaongeza sababu ya kutangaza kipimo, haliipunguzi. Familia inayojua kwamba bomba lake lina miligramu 4 ina sababu ya kuacha magadi; inayodhani maji yake hayana neno haina.

Lita tano kwa mtu

Pingamizi zito kuliko yote ni gharama, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na watu 250 kwa kila kituo cha kuchotea. Hiyo ni lita 6,250 kwa kituo kwa siku. Kuondoa floraidi kwenye maji yote hayo ni kazi ya mtambo mkubwa. Lakini maji ya kunywa na kupikia, yakikadiriwa kwa ukarimu, ni lita tano kwa mtu. Hizo ni lita 1,250 kwa kituo, moja ya tano tu ya maji yote. Zilizobaki zinakwenda kwenye beseni, dekio na mwili, ambako floraidi haina madhara. Anayesema kijiji hakiwezi kumudu maji salama kwa kawaida anapiga hesabu ya ndoo zote, wakati jino la mtoto linadai ndoo moja kati ya tano.

Kwa ndoo hiyo moja njia zipo, na kila moja ina masharti yake. Kuchanganya vyanzo hufaa pale chanzo kizuri kipo karibu na kina maji ya kutosha. Ukiwa na kisima cha miligramu 6 na chemchemi ya 0.5, unahitaji sehemu nne na nusu za chemchemi kwa kila sehemu moja ya kisima ili ufike 1.5. Jiji la Arusha, lenye mradi wa Sh520 bilioni uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, linaweza kutafuta visima vizuri mbali na kuvuta mabomba. Kijiji hakiwezi. Maji ya mvua hayana floraidi inayotia shaka: familia ya watu sita inayotumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika inahitaji lita 4,500 kuvuka miezi mitano ya kiangazi, ujazo wa tangi moja la lita 5,000 chini ya paa la bati. Njia hii inafaa zaidi kusini na mashariki mwa mlima kunakonyesha vizuri kuliko upande wa kaskazini na magharibi ulio mkavu, na bado maji ya paa yanahitaji kulindwa na kutibiwa vijidudu.

Kisha yapo machujio. India ilianzisha njia iliyopewa jina la mji wa Nalgonda, ya kutia shabu na chokaa, kukoroga, kuacha mashapo yatue na kuyamwaga. Njia hiyo ilijaribiwa pia katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arumeru, kilicho chini ya Wizara ya Maji. Inadai shabu nyingi kadiri floraidi inavyozidi, na huacha tope. Ngurdoto imejulikana zaidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi mia nne hadi tano hivi, husagwa chengachenga, huoshwa, kisha hujazwa kwenye ndoo yenye koki. Joto likipungua, maji hutoka na harufu na rangi. Likizidi, mifupa hupoteza nguvu ya kunasa floraidi. Ng'ambo ya mpaka, Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya limetengeneza machujio ya aina hiyo kwa ajili ya Bonde la Ufa.

Mkaa wa mifupa umewahi kukataliwa kwa sababu za imani. Watu huuliza ni mifupa ya mnyama gani na alichinjwaje, na swali hilo ni halali. Hujibiwa kwa kuonesha machinjio ilikotoka na kuwashirikisha masheikh na wachungaji kabla ya chujio kufika, siyo baada. Ila kasoro ya mifupa iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Chengachenga hizo hujaa floraidi baada ya muda na huacha kuinasa, lakini maji yanaendelea kutiririka kwenye koki yakiwa maangavu vilevile, bila harufu, bila ladha ngeni. Chujio lililokufa haliachi alama yoyote. Mama anayelitumia anaamini analinda watoto wake wakati anawanywesha maji yaleyale ya bombani. Ndiyo maana kugawa machujio bila kupima ni kupoteza fedha, na ndiyo maana kipimo hakiwezi kuwa hatua ya mwisho. Kila njia iliyotajwa hapa, ya kuchanganya, ya mvua, ya shabu au ya mifupa, inasimama juu ya namba inayochukuliwa tena na tena.

> Chujio lililokufa haliachi alama yoyote kwenye maji.

Ubao, na jibu linalofuata

Bahati nzuri floraidi ni nafuu kuifuatilia kuliko vijidudu. Bakteria wanaweza kuingia bombani baada ya mvua ya usiku mmoja, na klorini inayobaki hupungua kila saa, hivyo hupimwa mara kwa mara kwa kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya waridi. Floraidi hutoka kwenye mwamba, na mwamba haubadiliki kwa wiki. Chanzo kikipimwa kila baada ya miezi mitatu, masika na kiangazi vikihusishwa, jumuiya itakuwa na picha ya kuaminika. Machujio yanahitaji kupimwa mara nyingi zaidi, lakini sampuli chache zinazochukuliwa kwa zamu zinatosha kujua ni lini chengachenga zibadilishwe.

Mapendekezo yanayotokana na yote haya ni machache. Kila kilula kiwe na ubao unaoandika chanzo, tarehe ya kipimo, kiasi cha floraidi, hali ya vijidudu na matumizi yanayofaa. Maabara ipeleke matokeo kwa mikono mitatu kwa wakati mmoja: jumuiya ya maji, RUWASA na mganga mfawidhi wa zahanati ya karibu, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kuyakalia. Shule za msingi na za awali ndizo zianze kupata koki ya maji yaliyosafishwa, kwa kuwa watoto wengi wanaolengwa wako hapo kwa saa nyingi za siku. Na mradi wowote mpya wa kisima usitangazwe kuwa umekamilika mpaka namba yake ya floraidi isomwe mbele ya wananchi kwenye mkutano wa kijiji, kabla utepe haujakatwa.

Atakayesema ubao ni kitu kidogo yuko sahihi kuhusu bei yake. Gharama yake halisi iko kwingine: ukishaandika "miligramu 6" mbele ya watu, kesho yake mtu atauliza mtafanya nini, na aliyeandika atawajibika kujibu. Hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo penye faida. Miradi mikubwa ya kuvuta maji matamu kutoka mbali inastahili kudaiwa na kusubiriwa, lakini ina ratiba yake ya mikopo, zabuni na mabomba. Enameli ya mtoto aliyezaliwa Arumeru mwaka huu ina ratiba ya miaka minane, na haisogezwi mbele na bajeti yoyote. Kwa hiyo swali la kupeleka kwenye mkutano mkuu ujao wa jumuiya ya maji halihitaji utaalamu: chanzo chetu kilipimwa lini, kilikutwa na nini, na watoto wetu watakunywa maji gani wakati tunasubiri?